Vipande vya Kiazi na Hoho Zilizoungua: Jinsi ya Kusoma Matokeo ya Jaribio la Osmosisi

Somo la leo ni biolojia ya kidato cha pili. Najua wengine mmeshaanza kutafuta mlango wa kutokea, lakini kaeni kidogo. Somo hili linahusu hela yako.

Msimu uliopita kijana mmoja wa kata ninayohudumia alinipigia simu saa saba mchana. "Shikamoo bwana shamba. Hoho zangu zinanyauka, na jana tu nimemwagilia." Akanitumia picha. Majani yamelala, kingo zimekauka rangi ya kahawia. Alikuwa na robo eka, miche kama 3,500, na pesa ya mbegu na ya kukodi shamba alikopa kwenye kikoba.

Mimi nikiwa njiani, juu ya pikipiki, nikamjibu kwa kuangalia ile picha tu: "Mdogo wangu, huo ni mnyauko bakteria. Ng'oa iliyoathirika uchome, usije ukasambaa."

Nilipofika asubuhi yake alikuwa ameshang'oa miche zaidi ya 400. Nikachukua shina moja, nikalikata, nikalitumbukiza kwenye glasi ya maji safi. Kama ni mnyauko bakteria, baada ya dakika chache unaona uzi mweupe kama maziwa unashuka kutoka kwenye mkato. Tukasubiri. Hakuna kitu. Nikafukua mche mwingine: punje za NPK bado zinaonekana, zimegusa shina, na ncha za mizizi zimekuwa kahawia. Ndipo nikauliza swali nililotakiwa kuuliza kwenye simu: "Mbolea uliweka lini, na kiasi gani?"

Aliweka visoda viwili kwa kila mche, shinani kabisa, udongo ukiwa mkavu. Siku hiyo hiyo pampu ikaharibika. Maji yalipatikana siku ya nne, tena kidogo. Miche haikuwa na ugonjwa. Ilikuwa imeungua kwa mbolea, na mimi nikamwambia aing'oe.

Baada ya hapo nikaona nisirudie kuhubiri "usiweke mbolea nyingi". Hilo kila mtu ameshalisikia. Nikawaita vijana wa kikundi chao chini ya mwembe, tukafanya jaribio la viazi ambalo wengi walishalifanya shuleni wakalisahau. Wote waliweza kulifanya. Kilichowashinda ni kusoma matokeo, na hapo ndipo nataka tukae leo.

Tulichofanya

Tulichukua viazi mviringo, vikubwa, vya gunia moja. Tukakata vipande vya urefu wa sentimita 5, unene wa sentimita 1 kila upande, bila ganda. Tukapanga glasi sita. Kila glasi maji yale yale, ila chumvi ya mezani tofauti: gramu 0, 5, 10, 15, 20 na 30 kwa lita. Kila glasi ikapewa vipande vitatu. Tulivifuta kwa kitambaa, tukapima vyote vitatu pamoja, tukavitumbukiza kwa saa mbili, tukavitoa, tukavifuta tena, tukapima.

Matokeo ya kundi la kwanza ni haya:

| Chumvi (gramu kwa lita) | Uzito mwanzo (g) | Uzito mwisho (g) | Mabadiliko (g) | Mabadiliko (%) |
|---|---|---|---|---|
| 0 | 15.2 | 16.7 | +1.5 | +9.9 |
| 5 | 14.6 | 15.3 | +0.7 | +4.8 |
| 10 | 15.8 | 15.5 | −0.3 | −1.9 |
| 15 | 14.9 | 13.9 | −1.0 | −6.7 |
| 20 | 15.5 | 13.9 | −1.6 | −10.3 |
| 30 | 15.0 | 12.9 | −2.1 | −14.0 |

Kabla ya kuangalia namba, tulishika vipande kwa mkono. Vya maji matupu vilikuwa vigumu, ukikunja vinakatika "ta!". Vya gramu 30 vilikunjika kama mpira wa kandambili. Kijana wa hoho akakishika, akakikunja, akasema, "Hili ndilo jani langu." Nami nikamwambia ndiyo, ndilo lenyewe.

Hatua ya 1: Badili gramu ziwe asilimia

Wengi wanakosea hapa. Wanaangalia safu ya gramu na kuanza kulinganisha. Lakini vipande havikuanza na uzito mmoja. Glasi ya gramu 20 ilipoteza 1.6. Kama ungekata vipande vikubwa mara mbili, vya gramu 31, ungeona vimepoteza 3.2, ukadhani chumvi imefanya kazi mara mbili. Haijafanya. Asilimia ni ile ile 10.3.

Hesabu yake: uzito wa mwisho toa uzito wa mwanzo, gawa kwa uzito wa mwanzo, zidisha kwa 100. Siku zote unagawa kwa uzito wa mwanzo. Na alama ya kujumlisha au kutoa usiiache, maana ndiyo inayokwambia maji yameenda upande gani.

Hatua ya 2: Jiulize mizani yako inaona mpaka wapi

Mizani yetu inaonyesha hadi gramu 0.1. Kipande kimoja kina karibu gramu 5, kwa hiyo 0.1 peke yake ni asilimia 2. Angalia sasa glasi ya gramu 10: imeshuka asilimia 1.9. Tungepima kipande kimoja kimoja, mabadiliko hayo yangekuwa sawa na hatua moja ya mizani, huwezi kusema ni kiazi au ni mizani. Tulipopima vitatu pamoja, 0.1 ikawa kama asilimia 0.7 tu. Hapo tunaweza kusema, bila kujigamba sana, kwamba vimepungua kweli.

Ndiyo maana nawaambia kila siku: ukijaribu mbolea mpya, usijaribu kwenye mche mmoja. Mche mmoja hauna ushahidi.

Hatua ya 3: Chora grafu, tafuta pale mstari unapokata sifuri

Mhimili wa kulala weka chumvi. Mhimili wa kusimama weka asilimia, sifuri ikiwa katikati ili minus zipate nafasi chini. Unganisha nukta. Mstari wetu unashuka kutoka juu kushoto kwenda chini kulia, na unakata sifuri kati ya 5 na 10.

Kama huna karatasi ya grafu, piga hesabu. Kutoka +4.8 hadi −1.9 ni mteremko wa 6.7 ndani ya gramu 5. Kufika sifuri unahitaji kushuka 4.8. Chukua 4.8 gawa kwa 6.7, zidisha kwa 5, unapata karibu 3.6. Jumlisha na 5 ulizoanzia: 8.6. Kwa usalama sema kati ya 8 na 9.

Maana yake nini? Kwenye gramu 8.6 kwa lita, nguvu ya maji ya nje na ya ndani ya kiazi zimelingana. Maji bado yanaingia na kutoka kupitia utando wa seli, ila yanayoingia ni sawa na yanayotoka. Chini ya hapo kiazi kinakunywa. Juu ya hapo kiazi kinanyweshwa kinyume: maji yako ndani ya glasi, kiazi kimezama humo humo, na bado kinakauka.

Rudia sentensi hiyo ya mwisho. Ndiyo hadithi ya zile hoho. Udongo ulikuwa na unyevu, mche ukawa na kiu.

Na nguvu hiyo si ndogo. Maji yenye chumvi gramu 8.6 kwa lita yanavuta kwa kiasi cha bar 7 hivi. Hiyo ni karibu na upepo wa tairi la lori la mizigo. Sasa mche wa hoho wenye mizizi ya kidole utashindana vipi?

Hatua ya 4: Angalia umbo la mstari

Wengi wakishapata sifuri wanafunga daftari. Usifunge. Kutoka 15 hadi 20 kipande kimeshuka 3.6 kwa gramu 5 za chumvi. Kutoka 20 hadi 30 kimeshuka 3.7, lakini safari hii kwa gramu 10. Mteremko umelegea. Seli inapozidi kupoteza maji, kilichobaki ndani kinakuwa kizito, nacho kinavuta kurudisha. Utando unasinyaa na kujitenga na ukuta wa seli. Hata upande wa maji matupu kiazi hakivimbi bila mwisho, kwa sababu ukuta wa seli unakibana. Ukuta huo huo ukibanwa na maji kutoka ndani ndio unaolifanya jani lisimame wima. Jani halina mifupa, linasimamishwa na maji.

Tulirudisha vipande vya gramu 15 kwenye maji safi, vikakaza tena. Vile vya gramu 30 tuliviacha humo usiku kucha, asubuhi tukavirudisha kwenye maji safi: vikabaki laini. Hapa kuna somo la shamba: mche uliounguzwa una muda wa kuokolewa, na muda huo ni mfupi.

Hatua ya 5: Tokeo lisilokaa sawa usilifute, lihoji

Kundi la pili lilipata −3.1 kwenye glasi ya gramu 20, wakati jirani zake, 15 na 30, zilikuwa −6.5 na −13.8. Kijana mmoja akataka kuandika −10 "ili grafu ipendeze". Nikamkatalia. Tukauliza: nini kimetokea? Dada aliyekuwa anapima akasema mwenyewe kwamba ile glasi alitoa vipande akavipima moja kwa moja, bila kufuta. Maji ya juu ya vipande yalipimwa kama uzito wa kiazi. Tukaiandika ilivyo, tukaweka alama pembeni na sababu yake, kisha tukarudia glasi ile.

Nataka ulichukue hili kwa uzito, kwa sababu mimi nilikosea kwenye hoho kwa namna hiyo hiyo. Jani lililokauka kingo halikukaa sawa na mnyauko bakteria. Mche wenye mnyauko huo mara nyingi hunyauka ukiwa bado wa kijani. Niliiona ile kahawia kwenye picha, nikaipita, kwa sababu jibu nilikuwa nalo tayari kichwani.

Hatua ya 6: Jua matokeo hayakwambii nini

Usichukue 8.6 ukaenda nayo shambani kama kipimo cha mbolea. Sababu ziko kadhaa.

Kwanza, hiyo ni namba ya viazi vya gunia lile. Kiazi kilichokaa muda mrefu na kupoteza maji kitakata sifuri mahali pengine. Kundi lingine likipata 10, si lazima limekosea.

Pili, kipande kilichokatwa si mzizi ulio hai, na saa mbili si miezi mitatu. Mazao huanza kupunguza mavuno mapema sana kabla ya kunyauka, kwa sababu mmea unatumia nguvu nyingi kupata maji. Juu ya hapo, sodiamu na kloridi zenyewe zikijaa kwenye majani zinadhuru.

Tatu, gramu moja ya chumvi si sawa na gramu moja ya mbolea. Kuna kipimo kinachoitwa kielezo cha chumvi, ambapo nitrati ya sodiamu imepewa 100 na nyingine zinalinganishwa nayo kwa uzito ule ule. Chumvi ya mezani ni karibu 154, MOP ni 116, UREA 75, SA 69, SOP 46, DAP 34, na TSP 10 tu. Kwa hiyo MOP inavuta maji zaidi ya mara mbili ya SOP, ingawa zote ni za potasiamu. UREA na DAP zina hatari nyingine pia: zinatoa amonia, ambayo inaunguza mbegu na mizizi michanga hata kama kielezo chake si kikubwa.

Sasa twende shambani

Kisoda cha soda ukikijaza usawa kinabeba karibu gramu 5 za mbolea ya chenga. Pima chako, maana mbolea zinatofautiana. Visoda viwili ni gramu 10. Lita moja ya udongo unaozunguka mzizi, ukiwa na unyevu wa wastani, unaweza kuwa na maji kama mililita 200. Mbolea ikiyeyuka yote humo, ni sawa na gramu 50 kwa lita. Glasi yetu mbaya kabisa ilikuwa na 30. Hata ukikumbuka kwamba mbolea haiyeyuki yote siku moja, na kwamba inavuta chini ya chumvi ya mezani, bado mche uko pabaya. Tena udongo ukikauka maji yakabaki nusu, ukali unakuwa mara mbili bila wewe kuongeza hata punje moja.

Sasa chukua kisoda kimoja, kisambaze kwenye duara kama sentimita 10 kutoka shinani, fukia, mwagilia lita moja. Gramu 5 kwenye lita 1.2 ni kama gramu 4 kwa lita. Mbolea ni ile ile ya dukani. Ulichobadilisha ni umbali na maji.

Kwa hiyo:

1. Usiweke mbolea kwenye udongo mkavu kama huna uhakika wa maji siku hiyo. Pampu kwanza, mbolea baadaye.
2. Gawa dozi. Mara mbili kidogo ni salama kuliko mara moja nyingi, hasa kwenye udongo wa kichanga.
3. Samadi mbichi ya kuku nayo ina chumvi na amonia. Iozeshe kwanza.
4. Mbolea ya kupulizia majani usiikadirie kwa kiganja. Gramu 500 kwenye bomba la lita 20 ni gramu 25 kwa lita. Rudi kwenye jedwali, uone 25 ingeangukia wapi. Soma lebo, pima.
5. Miche ikishaungua, toa punje zinazoonekana, mwagilia maji ya kutosha yapite chini ya mizizi, rudia siku chache. Usiongeze mbolea nyingine "kuipa nguvu", na usinunue dawa ya ukungu.

Na maji ya kisima je?

Wenye visima vya maji ya chumvi, hapa ndipo penu. Chumvi kwenye maji hupimwa kwa kipimo cha EC. EC ya 1 ni takribani gramu 0.64 za chumvi kwa lita. Mwongozo wa FAO unasema maji ya umwagiliaji yaliyo chini ya 0.7 hayana shida ya chumvi, 0.7 hadi 3 yanahitaji uangalifu, na zaidi ya 3 ni hatari kwa mazao mengi.

Utasema: EC 3 ni kama gramu 1.9 tu kwa lita, mbona ni ndogo kuliko 8.6? Ni kwa sababu mmea na jua vinachukua maji na kuiacha chumvi. Ukimwagilia eka moja milimita 500 kwa msimu, hiyo ni kama mita za ujazo 2,000. Kama kila lita ina gramu 1 ya chumvi, umemwaga tani 2 za chumvi shambani. Isipopata mvua au maji ya ziada ya kuishusha chini, na njia ya maji hayo kutoka, itakusubiri msimu ujao.

Mazao hayavumilii sawa. Kwa kipimo cha EC ya udongo, maharage huanza kupunguza mavuno kwenye 1.0, vitunguu 1.2, hoho 1.5, mahindi 1.7, nyanya 2.5. Kila EC ikiongezeka 1 juu ya hapo, maharage hupoteza karibu asilimia 19, vitunguu 16, hoho 14, nyanya 10. Mwenye kisima cha chumvi anayechagua kati ya maharage na nyanya, jibu analo.

Kazi ya nyumbani

Rudia jaribio kwa mbolea unayotumia wewe, gramu zile zile sita kwa lita. Tumia glasi ambazo hutanywea tena, na vipande hivyo usimpe mtu wala mfugo. Piga asilimia, chora, tafuta sifuri yako. Kisha kokotoa dozi yako ya sasa inaangukia upande gani wa mstari.

Yule kijana? Miche iliyobaki tuliimwagilia kwa siku tano mfululizo. Mingi ikatoa majani mapya, michache ikafa. Alivuna kwa kuchelewa, mkopo akaulipa, faida ikawa nyembamba. Msimu huu amenunua mizani ndogo kabla ya kununua mbolea. Mimi nami siku hizi picha ikija kwenye simu sijibu ugonjwa. Najibu kwa maswali matatu: mbolea gani, kiasi gani, maji lini. Miche ile 400 iliyong'olewa nimeiandika kwenye daftari langu, ukurasa wa mbele, ili nisisahau.

Kazi njema shambani.